Mkwe wa Fundi Robo Inchi

Fundi huyu wa cherehani hakuna aliyemwita kwa jina lake tena, hata mkewe. Wote walimwita Robo Inchi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimpelekea suruali akupunguzie, ataipima, ataikunja, ataishona, atakuvalisha, kisha atarudi nyuma hatua mbili, afumbe jicho moja, aseme: "Bado robo inchi." Wengi walitoka kwake na suruali iliyowakaa kama wamezaliwa nayo. Wachache, tena wenye midomo, walitoka na kaptura. Akitaniwa hivyo alicheka, ila moyoni ilimchoma kidogo, maana yeye kitu kikiwa upande kilimnyima raha. Ukimkaribisha kwako na picha ukutani imeinama, usitegemee atasikia habari zako mpaka ainuke akainyooshe.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, mlango wazi kwa barabara. Mlikuwa na meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, moja ya kushona na moja ya kulalamika, pasi ya umeme kwa vitambaa vyepesi na pasi ya mkaa kwa vizito. Chini ya meza lilikaa gunia la vipande. Robo Inchi hakuwahi kutupa kipande. Kiwe cha ukubwa wa kiganja au cha kidole, alikisukuma guniani na kusema kitapata kazi siku moja. Vingi havikupata kazi yoyote. Mkewe alisema gunia lile likiendelea kunenepa, litadai chumba chake na mto wa kulalia.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua mdogo: kamba ya nguo, tangi la maji, na ukuta uliopigwa na jua tangu asubuhi mpaka jioni. Chini ya ukuta huo, kwenye kokoto tupu, ndipo aliposimama Mkwe.

Mkwe hakuwa mtu, usije ukashtuka. Ulikuwa mlavenda, kichaka cha kumfika mtu kiunoni, chenye majani membamba ya kijivujivu na maua ya zambarau juu ya vikonyo virefu. Ukiyagusa majani yake, harufu inakufuata mchana kutwa. Asili yake ni nchi za mbali zenye vilima vya mawe na kiangazi kirefu, kwa hiyo ukame kwake si shida. Shida kwake ni huruma.

Mama mzazi wa mke wa fundi ndiye aliyekuwa nao kwanza, kando ya ngazi za jiko lake. Kila akiingia jikoni aliupitishia mkono, na harufu ile ikaingia naye kwenye sufuria, kwenye kanga, kwenye nywele za watoto aliowabeba. Alipofariki, ndugu waligawana vitu. Mmoja alichukua kitanda, mwingine kabati, mwingine redio iliyokuwa imekufa kabla ya mwenyewe. Mke wa fundi alirudi na kitawi kimoja kimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Shemeji zake walimcheka, ati amesafiri safari yote ile kufuata jani. Yeye aliwaambia kabati halikuwahi kumpakata.

Kitawi kilipochipua, Robo Inchi aliuonea huruma mmea ule. Mti gani huu unasimama juani hivi, hapana kivuli, hapana tone la maji? Akawa anaumwagilia ndoo nzima kila jioni, na samadi akauwekea. Ukageuka njano, shina likaanza kuwa jeusi chini. Mkewe, ambaye alifundisha watoto wa chekechea na aliyazoea makosa ya kila aina, alimfuma na ndoo mkononi. Alimnyang'anya, akaufukua mmea, akachanganya mchanga na kokoto, akainua udongo ili maji yasituame, akaupanda upya. Kisha akamwambia kwamba huu, kama anaupenda, auache.

"Ni mama yako mtupu," fundi alisema.

Na kweli, alivyomkumbuka, mama mkwe yule hakuwahi kukubali hata kikombe cha chai kwake bila kuuliza nani kachemsha maji. Alisimama wima, alinukia vizuri, hakuhitaji kitu kwa mtu, na hakuguswa bila ruhusa. Basi jina likabaki. Kila asubuhi akifungua mlango wa uani, Robo Inchi aliuamkia mlavenda kwa adabu zote, "Shikamoo, mkwe," na mkewe akaitikia marahaba kwa niaba ya mama yake.

Hata kazini Mkwe alikuwa na mkono wake. Maua yalipoanza tu kufunguka, mke aliyakata, akayafunga mafungu, akayatundika kichwa chini kwenye msumari juu ya cherehani. Yakikauka aliyapukuchua, na fundi akashona vifuko vidogo kutoka kwenye lile gunia la vipande. Vifuko viliwekwa kabatini, kati ya nguo za wateja, kufukuza nondo. Wateja wakija kuchukua nguo zao walizinusa kwanza kabla ya kuzitazama, na Robo Inchi alijisikia fundi mkubwa kuliko alivyokuwa.

Ikafika wakati binti yao wa pekee akakaribia kujifungua, huko mbali alikoolewa. Shule ilikuwa imefungwa, mama akafunga mizigo aende kumuuguza. Mkwe alikuwa amechanua pote, nyuki wanagombania nafasi. Kabla ya kutoka, mke alimpa mumewe maagizo ya gesi, ya funguo, ya nguo za harusi zisichelewe. La Mkwe aliliweka mwisho, na akamvuta mkono mpaka uani ili alisikie vizuri.

"Maua yakikauka, kata vikonyo, na majani ya juu kidogo. Lakini ubaki kwenye majani. Unaiona hii sehemu ngumu ya chini, haina jani? Hii ni kuni. Ukishuka kwenye kuni, hapachipui tena. Rudia."

"Mke wangu, mimi si mtoto wa chekechea."

"Watoto wa chekechea wanasikia. Rudia."

"Nibaki kwenye majani, nisishuke kwenye kuni."

Alirudia vizuri kabisa, bila kukosea neno. Mke akaondoka roho kwatu.

Habari njema hazikuchelewa. Mjukuu wa kike, mtoto hajambo, mama hajambo. Robo Inchi alitangaza barabara nzima, akamnunulia soda kinyozi wa jirani, rafiki yake, aliyeshinda kwenye benchi la fundi kila alipokosa kichwa cha kunyoa. Siku hiyohiyo alikata kitambaa cheupe laini, akaanza kigauni cha mjukuu. Na katika furaha hiyohiyo, siku chache baadaye, alitazama uani akaona maua yamekauka. Jamani, mwanamume mwenye furaha na mkasi mkononi ni wa kuogopwa.

Mkasi wa vitambaa hakuuchukua, maana ule haukati kitu kingine, hata uzi wa gunia; mtu angeukatia karatasi wangekosana maisha. Alichukua ule wa zamani, akaunoa, akaanza. Na alianza vizuri. Alikata vikonyo, akapunguza majani ya juu kidogo, akabaki palepale alipoambiwa. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo.

Lakini alirudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja. Bega la kushoto lilikuwa juu. Akalipunguza robo inchi. Akatazama tena, sasa la kulia ndilo limezidi. Akalipunguza nalo. Katikati pakaonekana pana nundu, akaiondoa nundu. Kushoto tena. Akaenda kuleta futi ya kupimia, akafunga uzi kutoka msumari wa ukutani mpaka kwenye tangi apate mstari. Kwa wakati huo hakuwa akimwona Mkwe tena. Alikuwa akiona koti. Alikata kwa utulivu, anapiga mluzi, pindo linakaa, mabega yanalingana, mpaka aliporudi nyuma kwa mara ya mwisho, akafumbua macho yote mawili.

Mkwe alikuwa sawasawa kama meza, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Vilikuwa vijiti vitupu vya kahawia, na hapakuwa na jani hata moja.

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake ya soda. Alitazama kwa muda, akasema, "Umemnyoa mkwe wako kipara." Alipoona mwenzake hacheki, akajirudi, akamtuliza kwamba nywele huota, na yeye ndiyo kazi yake, anajua anachosema. Fundi alibaki ameinamia vijiti. Alikuwa akiyasikia maneno aliyoyarudia kwa kinywa chake mwenyewe, bila kukosea hata moja.

Hakuogopa ulimi wa mkewe. Ulimi huo ameishi nao miaka na ameupenda. Kilichomkata maini ni kitu ambacho mkewe hakujua kwamba yeye hukiona. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mkewe alisimama mbele ya mlavenda, akaupitishia viganja, akajifunika navyo uso, akatulia hivyo kidogo. Robo Inchi alimwona kupitia dirisha, na kila mara alijifanya anatafuta uzi. Pale ndipo mkewe alipokutana na mama yake. Sasa angerudi kutoka kumpakata mjukuu, afike pale, akutane na vijiti. Fundi alijiona ameua mtu.

Alifagia. Matawi aliyoyakata yalikuwa yametapakaa kwenye kokoto, mengine na ncha zake za kijani bado. Aliyazoa akayapeleka kwenye pipa la taka, akainua mfuniko, na mkono ukagoma. Mkono wa miaka yote, usiojua kutupa kipande. Alisimama pale na mfuniko juu, kisha akaketi chini akaanza kuchambua. Yenye maua makavu huku, ncha laini za kijani huku. Za kijani alizifunga kwenye kitambaa kibichi, kwa sababu ndivyo Mkwe alivyoingia nyumba hii mara ya kwanza.

Aliomba makopo ya rangi kwa jirani, akayatoboa matako kwa msumari, akajaza mchanga na udongo kidogo. Kila kitawi alikipukutisha majani ya chini, akakata mwisho wake kwa wembe, akakichomeka. Hayo alimwona mkewe akiyafanya zamani, na alishukuru kwamba siku ile alikuwa akitazama. Makopo aliyapanga chini ya meza ya kukatia, upande wa mlangoni, ambako mwanga unaingia bila jua kali. Gunia la vipande likahamishwa, na kwa mara ya kwanza likapata kona yake.

Mkewe alipiga simu kila jioni. Alisimulia mtoto anavyopiga miayo, anavyokunja ngumi, halafu akauliza Mkwe hajambo. Fundi alijibu kwamba yupo palepale, na huo haukuwa uongo, alijifariji, kwa kuwa shina halikuhama. Siku moja mke aliuliza zaidi.

"Ulimkata?"

"Nilimkata."

"Ukabaki kwenye majani?"

"Ngoja kwanza, kuna mteja kaingia."

Mteja alikuwa kinyozi, na alikuwa amekaa pale tangu asubuhi.

Kazi ya kuviotesha vile vitawi ilimshinda mwanzoni, na kilichomshinda ni ileile ndoo ya zamani. Kila akipita alinyunyiza maji kidogo, kisha kidogo tena, kama mtu anayedokoa nyama jikoni huku akijificha mwenyewe. Mstari wa kwanza ukaoza. Ndipo akajiwekea sharti: hashiki maji mpaka atie kidole mchangani, na mchanga ukimganda, anaondoka. Ili mikono isimwashe, aliipa kigauni. Alishona pindo kwa mkono, akalifumua, akalishona tena. Kila asubuhi aliendelea kwenda uani, akamwamkia Mkwe, akainama kutafuta japo chipukizi kama kichwa cha pini. Hapakuwa na kitu. Siku alipojaribu kukunja kijiti kimoja, kilikatika pa, kikavu mpaka ndani.

Chini ya meza nako vitawi vilizidi kupungua. Kimoja kikawa cha kahawia, kingine kikainama, kingine kilisimama vizuri siku nyingi kisha kikalala kwa usiku mmoja. Vilivyobaki vya kijani havikumwambia lolote, maana kitawi kinaweza kukaa kijani siku nyingi huku chini hakina kitu. Akakumbuka vifungo. Kifungo hujui kimeshika kwa kukitazama. Unakivuta kidogo kwa vidole viwili, kwa upole, bila kuking'oa. Alipiga magoti, akakivuta cha kwanza. Kikatoka chote, kikavu na cheupe kwenye ncha. Cha pili vilevile. Cha tatu alikivuta, kikakataa.

Fundi aliachia mkono haraka kana kwamba kimemkemea. Akasubiri, akakivuta tena kwa upole zaidi, kikakataa tena. Akatafuta mpaka mwisho wa makopo yote, akapata vingine viwili vilivyoshika. Alikaa chini ya meza yake, mtu mzima mwenye mjukuu, anafuta macho kwa kipande cha kitambaa, na kinyozi alipouliza yuko wapi, alisema anatafuta sindano.

Mkewe alirudi mchana wa jua kali. Robo Inchi alikuwa ameandaa maelezo marefu yenye mwanzo na mwisho, lakini hakupata pa kuyaanzia. Alikuwa bado anauliza habari za safari na mke ameshatua begi, ameshavuka chumba, yuko uani, mkono mbele kwa mazoea. Mkono ukapita hewani mahali palipokuwa na majani, ukateremka, ukakuta vijiti. Akauacha hapo.

"Robo Inchi," alisema bila kugeuka.

"Naam."

"Maneno uliyarudia vizuri sana siku ile."

"Niliyarudia."

"Ikawaje?"

"Nilikuwa nasawazisha." Yale maelezo marefu yote yakaishia kwenye neno hilo moja. "Nisamehe, mke wangu. Nimekuondolea mama yako."

Mke aliketi kizingitini. Fundi angetoa chochote asikie walau anagombezwa. Machozi yalimtoka yule mama taratibu, kama ya mtu aliyekuwa nayo tangu safarini. Fundi aliingia ndani, akarudi amebeba yale makopo matatu juu ya ubao wa kupigia pasi, anatembea kama amebeba mayai. Akayaweka miguuni pake.

Mke aliyatazama. Akanyoosha vidole viwili, akakishika kitawi cha kwanza, akakivuta kidogo. Kikashika. Akafanya hivyo kwa cha pili na cha tatu, kisha akamtazama mumewe.

"Umejuaje kwamba vimeshika?"

"Vifungo."

Alicheka, na machozi bado hayajakauka. Akasugua jani moja, jani dogo la kufichika kwenye kucha, akajifunika uso kwa viganja, akatulia. Safari hii Robo Inchi hakujifanya anatafuta uzi. Alisimama pale akingojea, mpaka viganja viliposhuka na mke akasema ni ileile.

Waligawana papo hapo. Mmea mmoja ungerudi kwenye kokoto chini ya ukuta, ukishapata nguvu. Mmoja ungeenda kwa binti yao. Wa tatu fundi aliuomba uwekwe kwenye chungu mlangoni pa kazi, na akakubaliwa kwa sharti kwamba kukata atakata mke, yeye atashika futi tu. Kisha mke akalitazama shina la zamani, akamwambia aling'oe. Ameshamaliza kazi yake, alisema, asiachwe amesimama pale anachekwa na kinyozi.

Lilitoka kwa shida, mizizi imeshikana na kokoto. Fundi alipolibeba kuelekea kwenye pipa, mke alimsimamisha.

"Tangu lini wewe unatupa vipande?"

Alilichukua mwenyewe, akalivunjavunja vipande vidogo, akawasha mkaa. Makaa yalipokolea alifungua pasi ya mkaa, akayatia, na juu yake akaweka vile vijiti. Moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya pasi. Haikuwa harufu ya maua. Ilikuwa nzito, ya zamani kidogo, ya ngazi za jiko na kanga ya mtu anayekuita ndani. Mke alivuta kiti cha wateja, akakaa karibu na meza.

Robo Inchi alitandika kigauni. Kinguo kile kingenyooka kwa kupitishwa pasi mara moja, lakini alikipiga pasi ndani na nje, rinda kwa rinda, kola, pindo, na alipomaliza akaanza upya, makaa yasije yakapotea bure. Hakuna aliyemwambia aharakishe. Mkewe alisimulia juu ya mjukuu, kwamba amechukua paji la uso la bibi mzaa bibi yake, na akikasirika anafumba jicho moja, hilo sijui kalitoa wapi. Kinyozi alichungulia kuuliza wanachoma nini, akawaona walivyokaa, akarudi zake.

Makaa yalipokuwa majivu, fundi alikishika kigauni mabegani, akakiinua mlangoni penye mwanga. Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho. Mkono wa kushoto wa kigauni ulikuwa mrefu kuliko wa kulia.

"Umeona?" mkewe aliuliza kutoka kitini.

"Nimeona."

Mkasi wa vitambaa ulikuwa palepale mezani. Robo Inchi alikikunja kigauni vile kilivyo, kikiwa bado cha moto na kinanukia, akampa mkewe akiweke kwenye begi la vitu vya kumpelekea mjukuu.